Nani Ajue Kwamba Uko Peke Yako?

Mume amepanda gari la Mongbwalu kwenda kutafuta dhahabu, na hatarudi kabla mwezi haujaisha. Mwanafunzi aliyetoka Aru amepanga chumba karibu na chuo, na mwenzake wa chumba amekwenda matangani. Bibi alimzika mzee wake, na watoto wako Kampala na Kinshasa. Mama mwingine ana watoto watatu wadogo, na hakuna mtu mzima mwingine katika parseli. Hao wote usiku wa leo wanalala peke yao katika mji wa Bunia, na ndio ninaowaandikia.

Mtu akibaki peke yake, wazo la kwanza huenda kwenye mlango. Kadena ni imara? Dirisha lina vyuma vya antivol? Ni maswali mema na nitayafikia. Lakini kuna swali linalotangulia: nani anajua kwamba uko peke yako? Wapo watu wasiopaswa kujua hata kidogo, na wapo wawili au watatu wanaopaswa kujua kila mara, bila kukosa usiku mmoja. Shida ni kwamba mara nyingi tunapanga kinyume. Kartie nzima inajua kuwa papa amesafiri, kwa sababu alisindikizwa kwa kelele hadi kwenye gari na picha yake ikawekwa kwenye status ya WhatsApp. Yule mama ambaye ukuta wake unagusana na wetu hana habari, na usiku akisikia kishindo atadhani ni papa anahamisha vitu.

Sababu ya kumweka jirani mbele ya kufuli ni muda. Mji wetu uko karibu na ikweta. Jua likizama mnamo saa kumi na mbili jioni, giza halikawii. Kartie nyingi hazina umeme, na zilizo nao hukatiwa. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu la Ituri, pamoja na Kivu ya Kaskazini, iliwekwa chini ya état de siège. Utawala ukahamia mikononi mwa wanajeshi na polisi, na saa za kutotembea usiku zimekuwa zikiwekwa na kubadilishwa kadiri hali inavyobadilika. Kwa aliye peke yake, maana yake ni kwamba usiku wa manane kaka yako anayekaa upande wa pili wa mji hawezi kuvuka kuja kartie yako ya Mudzipela, hata akupende namna gani. Taximan wa pikipiki hatatoka. Doria hupita barabara kubwa, na avenyu yako ni ya udongo, imechimbwa na mvua, gari haliingii. Atakayefika ndani ya dakika tano ni yule anayeweza kukusikia ukipiga kelele, basi.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: katika mji huu, jirani? Swali hilo lina uzito na halifai kupitwa haraka. Kati ya mwaka 1999 na 2003 vita vya Ituri viligawa kartie za Bunia kwa kabila. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo waliupigania mji barabara kwa barabara, na maelfu ya wakaaji wakakimbilia kwenye makao ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kilipowasili mwezi wa Juni katika operesheni iliyoitwa Artemis. Wapo waliosalitiwa na jirani waliyekula naye sahani moja. Wapo pia waliofichwa na jirani wa kabila lingine wakapona, na wanajua jina lake hadi leo.

Kwa hiyo sikuambii umwamini kila aliye karibu. Chagua. Nyumba mbili zinatosha, tatu ndio mwisho. Usichague kwa kabila wala kwa kanisa. Chagua kwa yale uliyoyaona kwa macho: mama ambaye mtoto wako akianguka njiani humwinua bila kuombwa, mzee asiyekuja kwako na habari za nyumba nyingine, kijana anayelipa deni siku aliyosema. Anayekuletea siri za wengine atapeleka na zako. Mlevi, hata awe na moyo mzuri, mwache, kwa sababu usiku utakaomhitaji hataamka.

Ukishachagua, nenda mchana, kaa, na useme wazi. "Yaya, baba watoto yuko Mongbwalu hadi mwisho wa mwezi. Usiku niko na watoto tu. Ukisikia filimbi yangu, amsha wengine, usije peke yako." Maneno hayo ni mafupi lakini yanabeba mambo matatu: muda, hali, na ishara. Ishara lazima iwe moja na ijulikane. Katika miji ya mashariki ya Congo kama Goma na Butembo, raia waliochoshwa na wezi wenye silaha walianza kupiga filimbi, vuvuzela na masufuria. Nyumba moja ikianza, ya pili inapokea, hadi avenyu nzima inalia. Mwizi anataka giza na kimya. Kelele za nyumba ishirini zinamnyang'anya vyote viwili, tena hazihitaji mtu hata mmoja kutoka nje mbele ya bunduki. Filimbi haigharimu pesa nyingi sokoni. Itundike kwa kamba kwenye msumari ulio juu ya kichwa cha kitanda, mahali ambapo mkono unafika bila taa. Ikiwa iko ndani ya sanduku, ni sawa na kutokuwa nayo.

Kisha ijaribu. Mwombe jirani aingie chumbani kwake, afunge mlango na dirisha, nawe upulize ukiwa chumbani kwako vilevile umefunga. Amesikia? Jaribu na sufuria kwa kijiko cha chuma. Fanyeni hivyo alasiri, mkiwa mmewaambia walio karibu ili msishtue watu. Halafu fikirieni usiku wa mvua. Mvua kubwa ikipiga mabati, hata filimbi inamezwa, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Usiku wa namna hiyo kinachobaki ni simu. Iwe na chaji na krediti kabla giza halijaingia, na namba ya jirani iwe ya kwanza katika orodha ili usiitafute kwa vidole vinavyotetemeka. Simu ndogo ya vitufe inayokaa siku kadhaa na chaji moja inamfaa zaidi aliye peke yake kuliko ile kubwa inayozima saa nne. Ukiweza, kuwa na kadi za mitandao miwili, maana kuna usiku Airtel inapotea na Vodacom inabaki, na kuna usiku inakuwa kinyume. Na usiiache simu kwenye kibanda cha kuchaji ilale huko. Siku ambayo haijajaa, irudishe hivyohivyo.

Kwa wanaokaa katika nyumba za kupanga zilizojengwa kwa mstari, mlango baada ya mlango, kuna hila ya kujua. Wezi wengine kabla ya kuvunja mlango mmoja hufunga milango ya majirani kwa nje, kwa waya au kipande cha mti kwenye pete za kadena, ili atakayeamka asiweze kutoka. Pete za nje ziwe za namna ambayo haziwezi kufungwa mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, au zitolewe kabisa na kufuli liwe la ufunguo. Fanyeni wote siku moja, na mchangie fundi mmoja.

Kuna jambo moja sitalinyamazia. Filimbi huita watu, na watu wenye hasira wakimkamata mtu usiku humpiga hadi kufa, hata humchoma. Imetokea mara nyingi mno katika miji yetu, na safari nyingine aliyekufa alikuwa mlevi aliyekosea mlango. Mnapokubaliana juu ya ishara, kubalianeni hapohapo kwamba anayekamatwa atafungwa kamba, ataitiwa shefu wa kartie, na kupelekwa polisi asubuhi. Lisemwe mchana, mioyo ikiwa imetulia, kwa sababu usiku halitasikika.

Sasa wale wasiopaswa kujua. Ni wengi kuliko unavyodhani, na wengi wao si wabaya. Ni watu wenye midomo tu. Picha ya safari ya mume isubiri arudi ndipo iwekwe. Ukiwa juu ya pikipiki ya teksi, usizungumze kwenye simu kwamba nyumba ni tupu, dereva anasikia na kesho atakuwa anamsimulia mwingine. Anayekuja kutengeneza paneli ya sola au kuuza maji akiuliza "Papa yuko?", jibu ni "yuko", bila maelezo. Watoto nao wafundishwe, ila si kudanganya. Mtoto husema kweli kwa kila amuulizaye, na hilo ni jambo zuri ambalo hatutaki kuliharibu. Kwa hiyo mwambie kwamba habari za nani yuko nyumbani ni za nyumba, zinajibiwa na mama tu: "Ngoja nimwite mama." Viatu vya mwanamume mlangoni na shati lake kwenye kamba ya nguo humdanganya mgeni. Anayekujua havimdanganyi, lakini si vibaya kuviacha.

Habari ya fedha ndiyo inayosafiri haraka kuliko zote. Bunia inaishi kwa dhahabu na biashara, na mwizi mwenye silaha haji kwa bahati. Anakuja kwa sababu amesikia. Amesikia kwamba mume ametuma pesa, au ng'ombe ameuzwa, au mama fulani anafunga kibanda chake cha M-Pesa saa kumi na mbili na kubeba mfuko nyumbani. Wabadilisha fedha na wenye vibanda vya pesa za simu wako katika hatari kuliko wengine, na mwanamke anayeishi peke yake akifanya kazi hiyo hana budi kubadilisha saa na njia ya kurudi, na fedha ya taslimu ailaze mahali pengine. Dhahabu isilale nyumbani hata usiku mmoja.

Akina mama wa AVEC, vikundi vya kuweka akiba na kukopa, wanisikilize hasa. Sanduku la kikundi lina kadena tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Ni utaratibu mzuri dhidi ya udanganyifu wa ndani. Dhidi ya mwenye bunduki au nyundo hauzuii kitu, na mara nyingi sanduku hilo tunamwachia mjane, kwa sababu ni mwaminifu na nyumba yake ina utulivu. Tunamheshimu kwa kumweka mahali pa hatari. Wiki ya kugawana, fedha ya mwaka mzima ikiwa imejaa, sanduku lisilale kwake. Lilale katika nyumba yenye watu wengi, au fedha iwekwe kwenye akaunti, na siku ya kugawana itangazwe kwa wanachama peke yao.

Ndani ya nyumba weka akiba ndogo ya kuokoa maisha: noti kadhaa zilizo rahisi kupatikana, utakazotoa upesi ukiamriwa. Kadi ya mpiga kura, vyeti vya watoto na hati ya parseli viwe katika mfuko wa plastiki, mbali na fedha, mahali ambapo unaweza kuvichukua ukikimbia.

Sasa mlango. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma au za miti na udongo uliopakwa simenti, na mlango ni wa mbao. Watu hununua kadena ya bei na kusahau bawaba. Nenda leo uangalie: bawaba ziko ndani au nje? Zikiwa nje, mwizi hafungui mlango, anaung'oa. Kama misumari ya skrubu ni mifupi, fundi aweke mirefu inayoshika fremu yenyewe. Kizuizi bora kwa bei ndogo ni chuma au mti mgumu unaopita mlango mzima kwa ndani na kulala katika vikono viwili vilivyojengewa ukutani. Hauvunjiki kwa teke moja, na kila teke la ziada ni kelele na dakika.

Antivol madirishani ni lazima, lakini hapa naomba msomaji asimame kidogo. Nyumba yenye mlango mmoja na madirisha yote ya chuma ni jela siku ya moto. Dirisha moja, la chumba unacholala, liwe na antivol yenye bawaba inayofunguka kwa ndani, na kadena yake iwe na ufunguo uliotundikwa mahali pamoja daima, mbali na mkono wa anayesimama nje. Kila mwenye umri wa kwenda shule katika nyumba hiyo ajaribu kuifungua akiwa amefumba macho.

Taa ikae nje, giza libaki ndani. Taa ndogo ya sola iliyo juu ya mlango, inayoangaza uani, inakuwezesha kumwona aliyesimama nje naye asikuone. Wengi hufanya kinyume: huwasha ndani na kuacha ua mweusi, na anayepita huona kupitia pazia kwamba ndani kuna mtu mmoja.

Halafu choo. Katika parseli nyingi kiko nyuma, mwisho wa ua, karibu na uzio wa matete au miti. Ukisikiliza wanawake wanavyosimulia walivyovamiwa, utasikia mara nyingi kwamba mlango haukuvunjwa. Waliufungua wenyewe saa nane usiku kwenda chooni, na mtu alikuwa amekaa akingoja. Kwa hiyo usiku usitoke. Weka ndoo yenye kifuniko ndani, na majivu kidogo ya kufunikia, uimwage asubuhi. Hakuna aibu katika hilo. Ni desturi iliyowahi kuwa ya kila nyumba. Ukiwa na mtoto anayeharisha au wewe mwenyewe ni mgonjwa na ni lazima utoke, mpigie jirani kwanza, aamke, asimame dirishani kwake na tochi hadi umerudi na kufunga. Na nyasi na matete yaliyozunguka choo yakatwe hadi chini.

Wakigonga usiku? Kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema makao ya mtu hayavunjwi, na upekuzi hufanywa kwa namna na masharti ya sheria tu. Katika nyakati za kawaida upekuzi haufanywi baada ya saa tatu usiku wala kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ila kwa idhini ya hakimu. Lakini amri zilizoambatana na état de siège ziliruhusu wakuu wa jeshi kupekua nyumba mchana na usiku. Na wapo wezi wanaovaa sare; aliye nyuma ya mlango hawezi kutambua sare ipi ni ya kweli. Usikimbilie kufungua wala usikatae kwa matusi. Simama pembeni, nyuma ya ukuta, usisimame nyuma ya mlango wenyewe, kwa sababu risasi hupita mbao. Sema kwa sauti kubwa, jirani asikie: "Nawasikia. Mnatoka kikosi gani? Nampigia shefu wa avenyu aje." Kisha mpigie kweli. Askari aliyetumwa atangoja shefu, na ni faida yake pia kuwa na shahidi. Anayekukataza kumwita shefu amekwisha kukujibu yeye ni nani. Hapo piga filimbi.

Wakiingia, jambo ni moja tu: watoke na wewe uwe hai. Toa simu, toa noti, usibishane bei ya redio. Mikono ionekane, sema unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: "Fedha iko kwenye kopo, nainama kuichukua." Usimtazame mtu usoni. Na hata ukimtambua, hata kama ni kijana uliyemnyonyesha na mwanao, usitamke jina lake. Watu wameuawa kwa neno hilo moja, "nimekujua". Jina utalisema kesho, mbele ya anayepaswa kulisikia. Wapo wanaolala na panga chini ya kitanda. Sikubaliani nao. Mtu mmoja aliyetoka usingizini, akiwa na panga mbele ya watu watatu wenye bunduki, anawapa sababu ya kufyatua, na panga hilo mara nyingi huishia mikononi mwao.

Milio ya risasi nje ni habari nyingine, na Bunia inaifahamu. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wa kundi la wanamgambo la CODECO waliingia hadi katikati ya mji mchana kweupe. Ukisikia risasi, lala chini palepale, kisha utambae hadi mahali ambapo kuna kuta mbili kati yako na nje. Mara nyingi ni koridoo au kona ya chumba cha ndani. Ukuta wa udongo na mabati havizuii risasi, na chini ya dirisha si mahali salama. Watoto walale sakafuni, kitanda kiachwe. Usichungulie wala usipige picha. Zikinyamaza, ngoja bado, kisha sikiliza Radio Okapi au redio za mji, na umpigie jirani kabla ya kufungua.

Nimesema mengi juu ya watu wabaya. Jiko la makala nalo huua, na halibishi hodi. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200, na jioni za mvua baridi huingia mifupani. Mtu aliye peke yake huvuta jiko ndani, hufunga mlango na dirisha, hujifunika blanketi. Makala yanayowaka mekundu bila moshi yanaonekana safi, lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma kidogo, kichefuchefu, uzito wa usingizi. Mtu anadhani ni uchovu wa siku, analala, haamki. Wanaolala wawili, mmoja anaweza kumwona mwenzake na kumvuta nje. Aliye peke yake hana wa kumvuta. Jiko lilale nje ya nyumba, kila usiku, hata likiwa majivu yenye cheche mbili. Kwa baridi, ongeza blanketi na soksi. Ukiamka na kichwa kizito na kuna jiko ndani, usikae kufikiri. Toka nje kwanza.

Mshumaa nao usisimame karibu na chandarua, kwa sababu chandarua hushika moto upesi sana. Uweke juu ya sahani yenye mchanga, uuzime kabla hujalala. Petroli ya chupa iliyonunuliwa barabarani kwa ajili ya jenereta au pikipiki isikae chumbani kabisa. Ikiwaka, maji huitawanya. Mwagia mchanga, au acha vitu vyote utoke.

Mtoto akilazimika kubaki peke yake mchana, asiwashe jiko, na chakula kiachwe kimeiva. Ajue nyumba moja ya kukimbilia na namba moja ya simu kwa kichwa, na mama huyo wa nyumba ya kukimbilia awe amekubali, si amedhaniwa. Mlango usifungwe kwa kadena ya nje mtoto akiwa ndani. Najua kwa nini akina mama hufanya hivyo, soko halingoji na barabara ina magari. Bado, moto ukitokea, hakuna atakayemtoa kwa wakati.

Na ikiwa mabaya yametokea, ikiwa mwanamke au msichana amebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Dawa ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Asijioshe kwanza akiweza, nguo aliyovaa iwekwe kwenye karatasi, si plastiki. Bunia ina shirika la SOFEPADI, lililoanzishwa mwaka 2000 na akina mama wa hapa, miongoni mwao Julienne Lusenge, na kituo chake cha tiba cha Karibuni Wa Mama hupokea walioumizwa hivyo. Aende na mtu anayemwamini. Uamuzi wa kushtaki ni wake na unaweza kusubiri, dawa haziwezi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono iko, na cheti cha daktari cha siku ya kwanza kitamsaidia siku atakayoihitaji.

Wazee wanaoishi peke yao wanahitaji jambo moja zaidi. Mzee anaweza kuanguka au kupata homa usiku asiweze kupuliza filimbi yoyote. Mpangieni ishara ya asubuhi: akiamka anafungua dirisha la barabarani, au anatundika kitambaa mlangoni. Ikifika saa mbili asubuhi dirisha bado limefungwa, jirani anagonga. Asipojibiwa, anamwita mtu wa pili awe shahidi na wanaingia. Ufunguo wa pili uwe kwa mmoja wao tangu leo, na watoto walio Kampala na Kinshasa wawe na namba ya simu ya jirani huyo, pamoja na ya mama yao.